Uzi wa Siku Tatu

Mke wangu aliniomba nimfunge meno kwa uzi wa nyavu, nami nikakubali. Kama ningekataa angenuna siku mbili, pengine wiki nzima, kisha angesahau, maana hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Sikukataa. Nilikiendea kikapu changu cha kazi, nikachagua uzi mwembamba kuliko wote, nikaupima kwa shibiri, nikamwambia akae kizingitini ambako mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia vizuri.

"Siku tatu tu," alisema. "Harusi ikipita, unakata."

"Siku tatu tu," nikajibu.

Leo ninapika ugali wa mtu mmoja, kwenye sufuria ambayo zamani tulichemshia chai. Nina nafasi ya kutosha ya kukumbuka, na hakuna wa kunisahihisha nikikosea. Kwa hiyo nitajitahidi nisikosee.

Ilikuwa wakati wa vita. Hapa Rumonge tulikatazwa kuvua usiku, na taa za wavuvi zilizokuwa zikijaa ziwani kama mji wa pili hazikuonekana tena. Mitumbwi ililala mchangani, nyavu zikakaa kavu juu ya miti. Wavu mkavu hauchaniki, na wavu usiochanika haumtaki fundi. Mimi nilikuwa fundi wa nyavu. Nilisoma sekondari mpaka mwaka wa nne, baba akafa, nikarudi nyumbani kushika kazi yake. Katika miezi ile nilikuwa nakaa barazani tangu asubuhi, mikono mapajani, nikiangalia milima ya Kongo ng'ambo. Nasema hivi kwa sababu mtu ambaye mikono yake imekaa bure hukubali jambo lolote linaloipa mikono kazi. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kiburi.

Kazi ya nyavu hufanywa kwa mikono miwili na mdomo. Unashika uzi kwa meno, unavuta, unakaza fundo, unauma, unakata. Jino langu la mbele lina mfereji mdogo uliochongwa na uzi wa miaka mingi. Hivyo meno na nyuzi vilikuwa vitu nilivyovizoea pamoja. Tena shuleni nilikuwa nimechora jino kwa penseli na kuandika majina ya sehemu zake zote kwa Kifaransa, na mwalimu aliisifu ile picha mbele ya darasa. Nilidhani najua jino ni nini.

Ugonjwa wa mke wangu haukuwa wa jino. Meno yake yalikuwa meupe, mazima, hayana tundu hata moja. Kilichougua ni ufizi, ile nyama inayolishika jino. Ulikuwa umevimba, ukitoka damu akitafuna kitu kigumu, na meno mawili ya juu, ya mbele kabisa, yalikuwa yameanza kucheza. Alipolala alikuwa akiyasukuma kwa ulimi bila kujua. Niliyasikia.

Alikuwa na dawa yake, aliyofundishwa na mama yake aliyetoka upande wa Uvira. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alizungushia kidole kitambaa safi, akachovya kwenye maji ya chumvi, akabonyeza ufizi kidogo kidogo, jino kwa jino, juu na chini. Hakusugua. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza tena, huku akitazama ziwa. Damu kidogo ilitoka, kisha ikakoma. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko mimi kunywa chai.

"Unakamua ng'ombe?" nilimtania.

"Nakamua ujinga wako," alijibu, kidole kikiwa bado mdomoni. "Ila uko mwingi, hauishi."

Kulikuwa na muuguzi mmoja mzee kwenye zahanati ndogo upande wa Kigwena, karibu na michikichi. Watu walimwita daktari ingawa mwenyewe alikataa jina hilo. Alijua meno. Nilimpeleka mke wangu kwake mara mbili. Alimkwangua uchafu uliokuwa umeganda kama chokaa chini ya ufizi, akamsifu kwa ile dawa ya chumvi, akasema asiache hata siku moja, na arudi kila baada ya wiki mbili. Ile mara ya pili aliniita karibu.

"Nawa mikono, fundi. Sasa bonyeza ufizi wako mwenyewe, hapa juu."

Nikabonyeza. Ulikuwa mgumu, kama ngozi ya kisigino kilicholowa.

"Sasa bonyeza wa mama."

Ulikuwa laini. Ulizama chini ya kidole kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na nilipoondoa kidole alama ilibaki pale, nyeupe, ikajaa damu taratibu.

"Unaona tofauti?" akasema. "Uchafu uko kwenye mdomo wako na uko kwenye mdomo wake. Ila nyama ngumu ikiguswa inatulia. Nyama laini ikiguswa, inawaka. Humo ndani mna vitu vidogo vidogo vilivyo hai, vinakaa kama watu ndani ya nyumba. Vinasikia sakafu. Sakafu ikiwa imara, mtu akipita nje hawashtuki. Sakafu ikilegea, kitu kidogo tu, wote wanapiga kelele za moto."

Mfano huo niliuelewa mara moja, maana ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Siku hizo sokoni mtu mmoja akianza kukimbia, hata kama anamkimbilia mbuzi wake, soko zima lilikimbia, ndoo zinamwagika, watoto wanaachwa. Miaka ya nyuma angekimbia peke yake na watu wangemcheka.

"Kwa hiyo dawa ni kukaza," nikasema.

"Dawa ni kuisafisha na kuiacha ijikaze yenyewe," alisema yule mzee. "Mama anaifanya vizuri. Wewe kazi yako kumleta."

Nilisikia neno kukaza. Mengine niliyasikia pia, lakini neno nililorudi nalo nyumbani ni hilo.

Baada ya hapo gari moja lilipigwa risasi kwenye barabara ya kusini, na watu wakaacha kwenda Kigwena bila sababu kubwa. Sisi tukaacha. Hata hivyo mke wangu hakuacha chumvi yake, na ninakumbuka vizuri kwamba meno yalianza kutulia. Yalikuwa bado yanacheza, ila kidogo. Hili lazima niliseme. Yalikuwa yanapona.

Ndipo ikaja harusi ya binti yetu, mtoto wetu pekee.

Kijana alitoka Nyanza-Lac, na kwetu wageni wa bwana harusi wakifika hawaingii uani mpaka mama wa bibi harusi apige kigelegele cha kwanza. Wanasimama nje na zawadi zao hadi wasikie. Na kigelegele cha mke wangu kilijulikana pwani yote. Kilipanda juu, kikatetemeka, kikakaa huko juu mpaka watu wakaanza kucheka kwa kungoja ashushe pumzi. Wanawake wa Magara walikuwa wakimwita kwenye harusi za watu asiowajua. Sasa harusi ilikuwa ya binti yake, na meno mawili ya mbele yalikuwa yanacheza.

"Nikipiga ulimi, yatatoka," aliniambia. "Nitayatema mbele ya wakwe. Nifunge, baba. Wewe fundi wa nini?"

"Muuguzi hakusema tufunge."

"Muuguzi atakuwa kwenye harusi?"

Nikacheka. Na moyoni nilifurahi kwamba kuna mtu amekumbuka mimi ni fundi.

Nilitumia uzi wa nailoni, ule mwangavu ambao samaki hawauoni majini. Nilishika meno manne, mawili yaliyolegea katikati na mawili mazima pembeni yawe nguzo, nikapitisha uzi mbele na nyuma kwa kusuka, nikavuta mpaka yakakaa sawa kama askari, nikafunga kwa fundo la baba yangu. Fundo hilo halifunguki. Nimetengeneza nyavu maisha yangu yote na sijawahi kuliona limefunguka. Uzi hukatika kabla ya fundo. Nilipomaliza alishika kioo, akagusa meno kwa kidole, hayakutikisika. Akapiga kigelegele palepale kizingitini, kifupi, cha kujaribu. Jirani akatoka kuuliza nani anaolewa.

Nilimwambia neno moja zaidi siku hiyo. Nilimwambia asibonyeze tena ufizi kwa chumvi mpaka tukate uzi, asije akaulegeza.

Kesho yake, badala ya wageni, ilikuja habari kwamba barabara imefungwa. Harusi ikasogezwa wiki moja. Wiki ilipofika ikasogezwa tena. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama tukate. Mara zote mbili nilikataa. Nilimwambia fundo la pili halishiki kama la kwanza. Si kweli, linashika vilevile. Kweli ni kwamba majirani walikuwa wanakuja kuangalia. Mwanamke mmoja muuza mawese alimfungua mke wangu mdomo kama anayenunua punda, akaniambia, "Fundi, wewe ungezaliwa Ulaya ungekuwa profesa." Nililiweka neno hilo moyoni nikawa nalitembelea.

Katika wiki ya tatu, asubuhi moja, aliniita.

"Baba, njoo uangalie. Uzi siuoni."

Nikamkalisha mlangoni, palepale. Nikamwinua midomo. Uzi haukuwepo. Meno manne yalikuwa yamesimama bila kitu, na juu yake ufizi ulikuwa mwekundu, unang'aa, umevimba na kuteremka katikati ya meno kama nyama inayotaka kutoka kwenye mfuko. Nikabonyeza kwa kidole kama yule mzee alivyonionyesha. Kidole kilizama. Alama haikujaa haraka. Hata ufizi wa yale meno mawili mazima, niliyoyafanya nguzo, ulikuwa laini sasa.

Nilijua. Sitasema nilishuku, nilijua. Uzi usio na mahali pa kwenda, uliofungwa kwa fundo lisilofunguka, kama hauonekani chini basi umepanda juu. Ulikuwa ndani ya nyama. Picha yangu ya shule ilinirudia kichwani: jino ni nene chini na linachongoka kadiri linavyoingia kwenye ufizi, na kitu kinachobana kwenye mti uliochongoka huteleza kuelekea kwenye ncha.

"Umekatika," nikamwambia. "Umeumeza na ugali. Utatoka wenyewe."

"Kweli?"

"Nailoni hiyo. Haina madhara."

Akacheka. "Basi nina wavu tumboni. Kesho nitatoa samaki wa ndagala."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Barabara ya Kigwena ilikuwa ya kutisha, ndiyo, na kumpeleka kulimaanisha kupita vizuizi viwili na kumwomba dereva asiyetaka. Nikisema ni barabara tu, nitakuwa nasema uongo wa pili. Nilimwonea aibu yule muuguzi. Sikutaka afungue mdomo wa mke wangu akute kazi ya mikono yangu mle ndani.

Tulikaa hivyo siku kumi. Alirudia chumvi yake, lakini sasa kila akibonyeza alirudisha kichwa nyuma kwa maumivu, na damu haikukoma kama zamani. Pumzi yake ilibadilika. Alianza kunipa mgongo akilala, akidhani sijui ni kwa nini.

Wageni walifika mchana wa jua kali, ndani ya lori lililofuata msafara wa wanajeshi, na walitakiwa kuondoka na msafara huohuo saa tisa. Binti yetu alikuwa ndani, amefunikwa, kimya kama inavyotakiwa. Wakasimama nje ya ua na vikapu vyao. Mke wangu akatoka akiwa na kitenge kipya, akasimama mbele yao, akainua uso.

Kigelegele kilianza. Kilipanda. Kisha kikakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri, naye akavuta pembe ya kitenge akaibana mdomoni. Kitenge kilikuwa cha manjano, na niliona doa jekundu likitanuka.

Wageni hawakujua la kufanya. Hawakuwa wamekaribishwa, wala hawakufukuzwa. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, akasema kwa sauti, "Jamani, tumefika ama hatujafika? Tuingie, ama turudi Nyanza-Lac na mbuzi wetu?"

Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nilisimama. Ningeweza kumwendea, nikamshika bega, nikasema neno lolote. Nilisimama tu.

Ndipo kigelegele kikatoka ndani ya nyumba. Alikuwa binti yetu, chini ya shela yake, akijipigia kigelegele cha harusi yake mwenyewe. Watu wakatazamana. Bibi harusi hapigi kigelegele. Nasikia mpaka leo wako watu wanaokumbuka harusi ile kwa jambo hilo tu. Lakini wageni waliingia.

Siku mbili baadaye nilimpata dereva. Muuguzi mzee alimlaza mke wangu kwenye benchi, akamchoma sindano ya ganzi, akafunua ufizi kwa kijisu kidogo. Kisha akaingiza koleo jembamba akavuta, na uzi wangu ukatoka mzima, umejikunja, fundo likiwa limekaa vilevile nilivyolifunga. Aliuosha kwa spiriti akauweka kwenye kiganja changu.

"Huu ni wako," akasema.

Meno manne yalitoka siku hiyo. Mawili yaliyokuwa yamelegea, na mawili mazima. Hayakuhitaji nguvu. Aliyaokota kama mtu anayeokota punje za mahindi.

Alinieleza akiwa ananawa. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema kila mama alipotafuna, uzi ulipanda kidogo na kukata zile nyuzi ndogo za mwili zinazolifunga jino na nyama. Nyama iliyokatwa nyuzi ikalegea. Ikilegea inaita damu, damu ikija inavimba, ikivimba inalegea zaidi, na uzi unapata nafasi ya kupanda tena. Alisema hata bila uchafu wowote, mvuto ule peke yake ungetosha kuwasha moto pale, na uchafu ukaja kuongeza kuni.

"Wewe, fundi, wavu ukilegea unauvuta," akasema. "Nyama ukiivuta, ndiyo inalegea. Ungeniuliza."

"Barabara ilikuwa mbaya, mzee."

"Barabara ilikuwa mbaya," alikubali, akanipa mgongo kukausha mikono.

Tulirudi nyuma ya gari la mizigo, tumekaa juu ya magunia. Mke wangu alikuwa amejaza pamba mdomoni. Tulipopita msitu wa Kigwena, nyani wamekaa kando ya barabara kana kwamba hakuna vita, alitoa ile pamba akaniuliza. Maneno yake yalitoka na upepo, maana hayakuwa na meno ya kuyazuia.

"Lile fundo la baba yako. Limewahi kufunguka?"

Nikageuka kutazama nyani.

"Nakuuliza wewe."

"Hapana."

"Uzi wake je? Ule wa nailoni. Unakatwa na ugali?"

"Hapana."

"Basi siku ile ulijua."

"Nilijua."

Akarudisha pamba mdomoni. Hakulizungumza tena jambo hilo, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Nilitegemea ugomvi. Ndani ya ndoa yetu tuligombana vizuri, kwa sauti, kisha tukacheka. Sasa ilikuja adabu. Alinipikia, alinifulia, alinisalimu asubuhi. Ila alikuwa akizungumza nami mkono ukiwa mdomoni, na kitu cha kuchekesha kikitokea aligeukia ukutani. Akaanza kula jikoni, peke yake. Mwanzoni nilisema ni haya ya pengo, itapita. Nikamwambia siku moja, "Kwangu huna haja ya kufunika." Akasema, "Najua," na mkono haukushuka.

Baadaye mapigano yalifika Nyanza-Lac, na binti yetu na mumewe wakavuka mpaka kuingia Tanzania, wakapokewa kwenye kambi ya wakimbizi. Alikuwa na mimba. Salamu zikaja kwamba siku zake zimekaribia.

"Naenda kumtunza mzazi," mke wangu akasema. "Siku arobaini."

"Siku arobaini," nikajibu.

Nilimsindikiza ufukweni. Alikuwa na fungu dogo la nguo, na kwenye pembe ya kitenge alikuwa amefunga chumvi. Alipanda mashua na wanawake wengine, akakaa akitazama mbele. Nilisubiri ageuke. Mashua ilipokuwa mbali kiasi cha kutotofautisha mtu na mzigo, nilipunga mkono, kwa ajili ya yeyote aliyekuwa anatazama.

Siku arobaini zikapita. Nikaletewa salamu kwamba mtoto bado mdogo. Kisha kwamba njia si salama. Kisha kwamba kuna mtoto wa pili. Watu wengi walivuka kwenda na kurudi katika miaka hiyo, kwa hiyo njia ilikuwepo. Nami ningeweza kuipita. Nilikuwa nangoja aniite. Alikaa huko miaka saba na hakuniita, na sikwenda, na hapo pia sina mtu wa kumlaumu. Habari ya kifo chake, kwa homa, ilinifikia siku ya nne, kwa mdomo wa mfanyabiashara wa samaki aliyedhani ninajua. Alikuwa ameshazikwa.

Mwaka jana nilikwenda kuonyesha meno yangu hapa mjini. Daktari ni msichana, umri wa wajukuu zangu. Alibonyeza ufizi wangu kwa kidole chenye glavu, akashangaa.

"Mzee, fizi zako ngumu! Umri huu? Unafanya nini?"

Nilimwambia ninabonyeza kwa kitambaa na chumvi kila asubuhi. Sikumwambia tangu lini, wala kwamba nilianza wiki ile mashua ilipoondoka. Alifurahi, akanieleza, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, kwamba siku hizi wataalamu wanaamini ugumu na ulaini wa ufizi wenyewe unaziambia chembe za mwili zifanye nini. Kwamba kwenye nyama imara zinanyamaza, na kwenye nyama iliyolegea zinaita uvimbe kwa nguvu hata kwa sababu ndogo. Aliniuliza kama naelewa.

"Naelewa," nikasema. "Sakafu."

"Sakafu?"

"Hapana, hakuna kitu, dokta. Asante, murakoze."

Nilirudi nyumbani na meno yangu yote. Nina meno yote, isipokuwa magego mawili. Nayaosha vizuri. Hakuna anayeyaona.

Baada ya amani binti yetu alirudi Nyanza-Lac na watoto wake, na huja kunitazama mara moja moja. Safari ya mwisho nilimuuliza jambo nililokuwa nimelibeba muda mrefu. Tulikuwa tumekaa barazani, yeye anachambua ndagala.

"Mama yako, kule kambini, alikuwa anafunika mdomo akizungumza?"

"Mama?" Akacheka. "Afunike wapi! Baba, kule kambini yeye ndiye alikuwa anapiga vigelegele harusi zote. Bila meno, sauti inatoka kama filimbi! Watoto walikuwa wanamfuata. Alikuwa anawaambia meno yake yalivuliwa na mvuvi, anafungua mdomo wanatazama, anacheka mpaka anakaa chini." Akaendelea kuchambua. Kisha mikono yake ikasimama. "Kwani hapa alikuwa anafunika?"

Nikamwambia hapana.

Nilikuwa nimedhani kwamba nilimharibia kicheko, na nilikuwa nimeshazoea kuubeba uzito huo. Kumbe kicheko kilikuwepo. Alikipeleka ng'ambo, akakitumia miaka saba kwa watoto wa watu na majirani wa mahema.

Nilikubali kufunga uzi wa siku tatu, na nilipojua uko wapi nikanyamaza. Uzi huo ulimgharimu yeye meno manne, ambayo aliweza kuishi bila kuwa nayo. Mimi ulinigharimu mke. Aliondoka akiwa hai, akacheka mbali nami miaka saba, akafa hataki kurudi, na kaburi lake sijawahi kuliona.